Placa Nilizoazima Mji Mzima

Walisema hakuna fundi wa pwani hii atakayekubali kukaa na mimi peke yetu, saa nzima, nimweleze kazi yake imepungua wapi. Kinyozi wa karibu na soko alisema nitapigwa. Shemeji yangu alisema sitapigwa, nitapewa chai na maneno mazuri, kisha fundi asionekane tena. Mama yangu mdogo, niliyefikia kwake niliporudi Mocímboa na mabegi mawili na diploma, alisema, "Mwanangu, huku mtu akionyeshwa kazi husema mashallah, yakaisha. Hiyo ya kutafuta ila kwenye mkono wa mwenzio umeitoa wapi?"

Niliitoa Maputo, na niliilipia mwenyewe. Sikusomeshwa na mjomba wala na serikali. Mchana nilipaka kuta za watu, jioni niliingia darasani na chokaa kwenye kucha, miaka minne, na nikawapita wenzangu waliokuja kwa magari ya baba zao. Kila wiki mwalimu wangu mmoja alinichukua, mimi na yeye na picha yangu tu. Aliitazama kimya mpaka jasho likanitoka, kisha akaniuliza maswali. Maswali yale ndiyo yaliyonifanya kuwa mchoraji. Niliapa nitayaleta nyumbani, na nimeyaleta, na aliyenitangulia simjui.

Wa kwanza kuja alikuwa mestre wa placa, fundi wa vibao vya maduka. Wakati ule mji ulikuwa unafungua milango upya baada ya vita, kila duka lilitaka kibao juu ya mlango, na karibu kila kibao alikichora yeye. Ana umri wa baba yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye stuli kama mgonjwa anayesubiri sindano.

"Mara mbili nimepeleka picha kwenye maonyesho ya mkoa wetu, kule Pemba," akasema. "Mara mbili zimerudi. Hakuna barua, hakuna neno. Nikiwauliza watu hapa, wananiambia mashallah. Sasa mwanangu, mashallah ndiyo inayorudisha picha?"

"Hapana, mestre."

"Basi niambie wewe inayorudisha. Safari hii zikirudi, naviringisha brashi kwenye gazeti naenda Mtwara kuuza ndala na shemeji yangu. Meza ameshanitafutia."

Furaha ilininyima usingizi usiku ule. Picha alizoniletea zilikuwa za watu, sura kubwa za mbele, kwa hiyo nikaanza na sura. Wiki nne nilimfundisha vipimo nilivyofundishwa mimi: macho yanakaa wapi kwenye kichwa, sikio linaanzia wapi. Alinitii kama mtoto wa chuo. Sura zikawa sahihi, na kadiri zilivyokuwa sahihi ndivyo zilivyozidi kufa. Siku moja aliinua moja, akaiangalia kwa mkono ulionyooka.

"Huyu," akasema, "anasubiri kupigwa picha ya bilhete, ya kitambulisho."

Nilicheka, lakini nilijua tumekwama. Pemba walitaka picha zitumwe kwa simu kwanza, na zilibaki siku kumi na mbili wafunge mlango. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo nalionea fahari. Mestre hakuwahi kuona kazi zake zikiwa pamoja. Akimaliza placa, inapigiliwa misumari juu ya mlango wa mtu, naye anakwenda kwenye nyingine. Nikaamua kuziazima zote, nizipange mbele yake.

Kuazima placa ya duka ni kazi kuliko kuazima mke. Kinyozi aliniuliza, "Ukiibandua, watu watajuaje kuwa mimi kinyozi?"

"Si watakuona na mkasi?"

"Na mwizi wa mkasi watamjuaje?"

Nilimpata baada ya kunyolewa mara mbili siku moja. Fundi cherehani alinipa bila maneno. Mama muuza maandazi aliniapisha kwamba mvua isiiguse. Nilipanda pikapu mpaka Awasse kwa mziba matairi wa njia panda, nikaendelea mpaka Diaca kuchukua ya mwenye mashine ya kusaga. Mwenye duka la kanga, mama ambaye wazee wake walitoka Lindi, alitaka rehani.

"Rehani gani, mama?"

"Kitu ambacho usipokipata utalia."

Nikampelekea diploma yangu na fremu yake. Akaitundika pale pale ilipokuwa placa. Siku ya pili wateja walikuwa wanamwuliza kama sasa anang'oa na meno.

Zilipotimia, asubuhi nilizipanga placa kwenye ukuta wa uani kwa mama mdogo, nikamwita mestre, nikafunga mlango. Mimi nilikuwa nimeshaona, lakini sheria ya mwalimu wangu ni kwamba mwenye kazi aone mwenyewe. Nikamwuliza swali moja tu.

"Mestre, nyumba inaungua. Unaweza kuokoa nne. Zipi?"

Alisimama. Akaishika ya kinyozi, yenye sura kubwa inayocheka, akairudisha. Akaishika ya fundi cherehani, akairudisha. Kisha akachukua ya mziba matairi: mikono miwili inazamisha mpira kwenye beseni, mapovu yanapanda. Ya kanga: vidole vinaifungua doti, nguo imejaa hewa. Ya maandazi, kidole gumba kimezama kwenye donge la unga. Ya mashine, kiganja kinapokea sembe ya moto. Hakuna hata moja yenye sura.

"Hizi ni za watu walioshika dini sana," akasema taratibu. "Walikataa nisiwachoree sura dukani. Nilizifanya upesi upesi. Nazionea haya hizi. Hata Pemba sikuwahi kufikiria..."

Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Mwanangu. Wewe umenifundisha sura wiki nne."

"Nilikosea, mestre."

Neno hilo hulisikii kwangu mara nyingi, lakini mwalimu asiyeweza kulisema hana diploma, ana karatasi. Wote wawili tulikuwa tumeamini kwamba picha ya kwenye maonyesho lazima iwe na uso, na kwamba kisichokuwa na uso ni cha biashara tu.

Niliwaahidi wenye placa kuwa watazipata Jumamosi. Mestre akakataa. Alitaka zile nne ziwe mbele yake anapochora picha mpya za mikono, na zile nyingine pia, zimkumbushe asirudi kwenye sura. Picha za Pemba zikirudi, alisema, placa atazigawa mwenyewe akiwa njiani kwenda Mtwara. Basi nikatukanwa na mji mzima, na kila asubuhi tukakaa saa moja, yeye na mimi na ubao mmoja.

"Mkono huu umeshika nini, mestre?"

"Mshipi wa kuvulia."

"Mbona haumkati mvuvi?"

Alikaza kifundo, akaongeza mstari mwekundu kwenye kidole. Kwenye kila pembe iliyobaki wazi alikuwa akiweka waridi.

"Toa waridi."

"Waridi ni heshima kwa mteja."

"Mteja yuko wapi hapa?"

Alichukua kitambaa akalifuta waridi, na ule ubao mtupu nyuma ya mkono ukapumua. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, maana kupiga kelele mbele ya mtu mzima si adabu.

Tulituma picha tatu. Jibu lilikuja siku ya tano, mestre akiwa amekaa kwenye stuli ile ile. Nilimsomea Kireno, kisha nikamsomea kwa lugha yetu: zote tatu zimekubaliwa, waliandika kwamba wanataka kujua mikono hii ni ya nani. Akaniambia nisome tena. Nilisoma mara tano.

Kesho yake niliwarudishia placa wote walioniazima. Mestre alikuwa amezipitishia kingo rangi mpya, na mimi nilinunua misumari mipya. Tulianzia Diaca, tukashuka Awasse, tukarudi mjini. Mama muuza maandazi alikagua yake mbele na nyuma. Mama wa kanga alinikabidhi fremu yangu akasema ameipangusa kila siku, nisije nikasema hakuitunza. Kinyozi, ambaye habari za Pemba zilikuwa zimemfikia kabla yetu, alisema na yeye sasa anataka mikono.

"Wewe baki na sura," mestre akamjibu. "Mikono yako watu wanaijua, wameiona kwenye masikio yao."

Wa mwisho alikuwa fundi cherehani. Tulipigilia placa yake, nikamwambia sasa simdai mtu wala mtu hanidai. Akasema kwake deni bado: mestre aliyelala na placa yake siku zote zile haendi kwenye maonyesho Pemba na kanzu iliyochakaa namna hiyo. Akachukua futi shingoni mwake, akamwambia mestre asimame mlangoni penye mwanga, ainue mikono.