Labeka Niliyoitikia Kisimani

Wenzangu, leo nimejiponza kwa neno moja.

Mama yake Salim alikuja kunitazama kabla mwanawe hajaniposa. Mazungumzo yakaingia habari za majini na mapepo, na binamu yangu Zuhura akasimulia sauti iliyomwita kisimani, mchana, hapana mtu.

Hadithi yangu hiyo. Niliyeitwa ni mimi.

Mama Salim akamshika mkono. "Pole, mwanangu. Hukuitika?"

"La, mama."

Mkono ule wa huruma ulikuwa haki yangu. Nikashindwa kujizuia.

"Aliyeitwa ni mimi," nikasema. "Na niliitika. Nilisema labeka."

Shangazi yangu, aliyekaa nasi, akatua kikombe. "Yarabi. Ukimwitikia usiyemwona, ushakuwa wake."

Mama Salim akavuta leso yake isiguse yangu, kisha akamwuliza Zuhura kama ameshaposwa.

Hadithi imerudi kwangu, na ni kweli tupu. Nyinyi mngenyamaza?