Kutweta si Kuhema

Mwaka 1989, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, kiwanda cha nguo kilitupunguza. Walituita uwanjani asubuhi, wakasoma majina, basi. Miaka tisa nilikula vumbi la pamba, nikatoka nalo kifuani. Elimu yangu darasa la nne. Mke na watoto watatu kwenye chumba kimoja Tandale. Nikaenda sokoni kuwa kuli.

Tulishusha mahindi kwenye malori. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila tajiri anajifanyia anavyotaka, na gunia wakalijaza mpaka likaota kilemba juu. Lumbesa. Gunia moja na nusu kwa mgongo mmoja.

Msimamizi wetu alikuwa kijana, nimemzidi miaka kumi. Alikuwa na mtihani wake. Ukishatua gunia la tatu unakwenda mbele yake unamwamkia: "Shikamoo bosi." Salamu ikitoka kwa pumzi moja, unaendelea. Ikikatika katikati, kesho usije. Watu wazima na ndevu zao wanamwamkia mtoto! Na mimi nilimwamkia. Nilikuwa nasimama kwanza nyuma ya lori, nimebana mdomo mpaka macho yanatoka, ndipo nakwenda.

Mama mwenye nyumba wetu, bibi wa Kizaramo, alinikuta jioni moja barazani.

"We baba, unatweta."

Nikamwambia nahema tu, bibi. Sisi wa bara tunasema hivyo.

"Kuhema kila mtu anahema, hata aliyelala. Anayetweta ni mtu anayekimbizwa. Wewe nani anakukimbiza?"

Nikamuuliza neno hilo limetoka wapi. Akacheka.

"Kwa mbwa. Mbwa akishakimbia, msikilize: twe, twe, twe. Wazee walisikia hivyo wakaita hivyo. Na wewe umebakiza ulimi tu kutoka nje."

Kama alibuni, sijui. Mjukuu wangu ana kitabu cha shule kinachosema kutweta ni kuhema haraka haraka, nukta. Aliyeandika hajabeba kitu huyo. Mimi namwamini bibi.

Kesho yake nikatua gunia la tatu, nikaenda mbele ya msimamizi bila kubana mdomo. Kifua kinapanda na kushuka, sauti yote nje.

"Salamu iko wapi, mzee?"

"Natweta. Umesikia? Natweta! Kabebe moja wewe, ukirudi uniamkie, mimi ndiye mkubwa."

Makuli wakapiga kelele. "Bosi, kabebe!" "Mvueni shati!" Mmoja akavua ngata yake kichwani akampa. Hakuipokea. Viganja laini kama vya bibi harusi.

"Kazi huna," akaniambia.

"Najua."

Nikaondoka. Hakuna kuli hata mmoja aliyenifuata. Nikiwa bado getini nikawasikia: shikamoo bosi, shikamoo bosi. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko yule kijana.

Nikahamia Gongo la Mboto, nikalima mchicha bondeni, kazi ambayo mtu akichoka anakaa chini bila kumwomba yeyote.

Kwa mchicha huo, leo nina nyumba ya vyumba saba, yenye umeme na kisima. Nina vyumba vingine vinne vya wapangaji. Nina bustani mbili, ng'ombe wa maziwa watatu na pikipiki. Nina kiwanja Mbweni, sijakijenga.