Kisigino Changu na Kamati ya Ufundi

Nilidaka ujana wangu wote, na Mpanda nzima inakumbuka goli moja. Penalti nilizopangua hazina shahidi. Mipira niliyoifuata miguuni mwa washambuliaji mpaka jino likabaki uwanjani imesahaulika pamoja na jino. Nimebaki kuwa "yule msomi aliyetuuza kwa Inyonga."

Sikuuza mtu. Kamati ya ufundi, ambayo haikuwa na ufundi wowote zaidi ya ule wa mganga, ilifukia kitu chini ya mstari wa goli letu. Mwenyekiti wake, mkulima wa Mwamkulu, akaniita pembeni kabla ya mechi.

"Kijana wangu, leo ule mstari usiukanyage. Ukiukanyaga tumekwisha."

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa falsafa. Nikajibu, "Sawa, mzee."

Basi nikadaka hatua mbili mbele ya goli, kama mlinzi aliyefungiwa nje ya nyumba anayoilinda. Inyonga si vipofu. Winga wao akaubetua mpira juu ya kichwa changu, taratibu, bila hata kujisumbua. Kurudi nyuma kidogo tu ningeudaka kwa mkono mmoja. Niliinua mguu, nikamkumbuka mzee, nikabaki nimesimama kama korongo. Mpira ukadunda nyuma yangu, ukaingia.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshanunuliwa. Mama yangu alizomewa sokoni. Kamati ikakaa kimya, maana kamati hiyo ukiiulizia hadharani haipo.

Mwaka huu maveterani wameniomba nidake kwenye bonanza lao. Nikakubali kwa sharti moja: mzee yule, sasa mzee wa kanisa na mgeni wa heshima, aseme ukweli kwenye kipaza sauti. Nikamfuata jukwaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kipa wetu! Umenenepa. Siku hizi goli unaliziba lote."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

"Mzee, leo waambie. Nani alinikataza kukanyaga mstari?"

Akanishika mkono kwa upole, upole ulioniuma kuliko tusi. "Mwanangu, yameshapita, tulikusamehe zamani. Ila ulikanyaga. Kisigino kiligusa, nilikiona kwa macho yangu haya. Usingekanyaga, lile goli lisingeingia."

Nimefundisha vijana kubomoa hoja kwa miaka mingi. Hii niliizunguka pande zote, haina mlango. Kumbe kwa kumtii nilipoteza jina, na sasa nimeambiwa sikumtii. Nikavua glovu.

"Braza, unatuacha bila kipa?" nahodha akalalamika.

"Mwekeni mzee. Yeye ndiye anayejua pa kukanyaga."

Nikashuka jukwaani. Sijafika getini, mshereheshaji akawaomba mashabiki wampigie mzee makofi, kwa moyo wake wa kusamehe. Wakapiga, tena kwa nguvu.