Mstari wa Juu ya Mlango

Korongo letu pale Kizota ni mtu wa likizo. Miezi mingi halina tone la maji. Tunacheza mpira ndani yake, mbuzi wanalala humo, na watu wazima wenye akili zao wanalitazama na kusema, "Hapa mbona pana kiwanja kizuri." Ndivyo nyumba yetu ilivyojengwa. Mvua ikinyesha huko juu, korongo linakumbuka kazi yake, linaingia sebuleni bila hodi.

Kila lilipoingia nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa nje, pale maji yalipoishia, na maneno pembeni. Wa chini: "Mgeni kafika magotini." Wa pili: "Mgeni kakalia kochi." Baada ya huo mama alipandisha kochi juu ya matofali, na tangu siku hiyo ukikaa miguu inaning'inia kama ya mtoto kinyozini. Bibi, mzaliwa wa vilima vya Kondoa, alisema ukuta wangu una akili kuliko babu aliyechagua kiwanja.

Mstari wa tatu ulikuwa uongo. Binamu zangu wa Mpwapwa walikuja wakitamba kwamba mafuriko yao ndiyo mafuriko. Nikapanda kigoda, nikachora juu ya mlango: "Hapa tuliogelea kwenda chooni." Wakaacha kutamba. Bibi ndiye aliyenishikia kigoda.

Mwaka jana, baada ya maji kuingia tena na kuishia kwenye mstari wa chini, halmashauri haikuleta pole peke yake. Ilileta mhandisi, dada mmoja mpole, na vijana wawili wenye futi ya kupimia na kopo la rangi nyekundu. Lile kopo tulilielewa. Nyumba ikipigwa X, inabomolewa.

"Maji huwa yanafika wapi?" mhandisi akauliza.

"Kwetu kumbukumbu zipo," akajibu mwenyekiti wa mtaa, akampeleka moja kwa moja kwenye ukuta wangu, kifua mbele, utadhani kachora yeye.

Mhandisi alisoma mstari wa chini akacheka. Wa pili, akacheka. Kwenye wa tatu hakucheka. "Kama yanafika huku, hapa hapakaliki. Hii nyumba iondoke."

Kijana akachovya brashi. Mama akakaa chini, kwenye ngazi. Bibi akanitazama.

"Shikamoo," nikamwambia mhandisi, maana sikujua pa kuanzia. "Mstari wa juu ni uongo. Nimeuchora mimi."

"Binti, unaidanganya serikali?" mwenyekiti akafoka.

"Hapana, mzee. Nilikuwa naidanganya Mpwapwa."

Mhandisi akanikazia macho. "Na hii miwili nitaiaminije?"

Bibi akainuka. "Nyie vijana, wekeni rangi chini, mkasogeze kabati langu."

Nyuma ya kabati, ambako hatujawahi kupiga deki, tope lilikuwa limekauka ukutani. Mhandisi alipima, akatoka nje akapima mstari wa kochi. Vipimo vikalingana.

Akaenda kulitazama kalavati la barabarani, tundu jembamba la kupitishia maji, lililozibwa na mifuko na matawi. Alirudi viatu vimejaa matope. Nyumba ikabaki. Jiko letu la nje, lililokaa ukingoni kabisa, ndilo lililopigwa X, na mama akaliaga kama anaaga msafiri.

Makalavati mapana yalikuja kabla ya mvua. Mtaa mzima tunasafisha korongo kila Jumamosi. Mimi mwenyekiti kanipa adhabu: niwe mtunza mistari, kwa rangi, na bila utani.

Mvua za mwaka huu zimenyesha kwelikweli. Maji yalijaa korongoni, yakapanda ngazi moja, yakasimama, yakaondoka. Nikachora mstari kwenye ngazi. Mwenyekiti akasogea kunichungulia, nikaandika tarehe tu, kwa adabu zote.

Niliporudi ndani nilimkuta mama ameinama, anachomoa matofali chini ya kochi.

"Usinitolee macho," akasema. "Shika upande huo."