Waliotunyang'anya Foni Kasha

Juzi nilipanda Kasha, mtaa wa kilimani kule Bukavu, kumjulia hali jirani yetu wa zamani, nikakuta ile antena ya wanajeshi imelala chini, watu wanaikatakata vyuma vya kuuza. Mtu mwenye adabu angepita kimya. Mimi nilicheka, rafiki yangu, nilicheka mpaka jirani akanivuta mkono. Ningekuwa na msumeno ningewasaidia.

Kama ulizaliwa na simu mkononi, huijui foni. Ilikuwa redio ya kusemea mbali, iliyotumia betri ya gari, na kwetu ilikaa katika duka la jirani huyo, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mawese. Baba alikuwa akiuza vitenge na sabuni kwa wachimba dhahabu wa Luhwindja, na kila Jumamosi baada ya alasiri tulishuka dukani kusikia sauti yake. Kwenye foni watu hupokezana: mmoja husema, akimaliza hutamka "avu", ndipo mwenzake ajibu. Bibi, mama yake baba, aliipenda kuliko sisi sote. "Barua ni nusu ya kuonana," alikuwa akisema, "lakini foni iko robo tatu." Aliuliza hali ya nyumba, avu, hali ya tumbo, avu, hali ya mvua, avu. Waliongoja nyuma yetu walinung'unika, naye hakuwajali hata kidogo. Si unajua desturi yetu? Ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama paa linaungua. Jambo zito hungoja salamu zipite kwanza, ndipo litolewe.

Kisha wakaja wanajeshi wa mawasiliano, waliojiita watu wa transmisio. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni hawa hawakutuponya chochote. Walitwaa kilima, wakawafukuza akina mama waliolima maharage pale, wakasimamisha antena yao, halafu wakashuka dukani na kuibeba foni. Eti ilikuwa inaingilia mawimbi yao. Mkubwa wao, mtu wa miwani myeusi aliyependa kujipiga buti kwa fimbo, alitangaza kwamba anayetaka habari za mbali apande kambini. Mama alisema, mwenye nguvu mpishe. Niliichukia methali hiyo siku ile, na ninaichukia mpaka leo.

Raia hakuruhusiwa kuingia penye mitambo. Ulisimama nje ya seng'enge, ukataja mahali, mtu na swali lako. Soda, ndivyo tulivyowaita askari, akaingia ndani, akarudi na jibu. Sauti ya baba hatukuisikia tena, tulipewa makombo yake tu kutoka kinywa cha mtu tusiyemjua. Na ole wako upande mikono mitupu, bila mayai wala mkungu wa ndizi.

Msimu mmoja wa mvua baba alinyamaza muda mrefu. Mama hakulala vizuri. Alimwomba kaka yake aweke gari lake la jipu tayari, ili tukisikia kwamba baba anaumwa waende wamlete hospitalini Bukavu. Tukapanda kambini, mama, bibi na mimi. Bibi alishika seng'enge kwa vidole vyake.

"Mutoto wangu, wakiitika kule, usalimie mpaka mwisho. Uulize nyumba, uulize na mwili yake."

Soda alicheka. "Maman, hapa si ku ndoa, iko jeshi. Betri inaisha."

Aliingia, na kabla hatujatafuta pa kukaa alikuwa ametoka. "Kule banasema habari iko muzuri. Terminé. Mwende nyumbani."

Mama alishuka kilima akiimba. Alimwambia mjomba arudishe gari, akakaanga sambaza kwa nyanya na vitunguu, akasonga bugali wa muhogo, nasi tukala tukitaniana. Nakumbuka jinsi wale samaki walivyokuwa watamu. Siku hizi nikisikia harufu yao sokoni nageuza njia.

Saa zile zile baba alikuwa amelala na homa, hawezi hata kukaa. Tulilijua hilo pale mshirika wake wa biashara alipofika kwetu, amebeba begi la baba na kofia yake ya kusalia. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye foni ya Luhwindja siku ile.

"Maman," alimwambia bibi, "balinisalimia, nikajibu muzuri, avu. Nilikuwa nangojea baniulize muzee iko namna gani, niseme. Ule soda akasema terminé, akafunga. Niliita, niliita, hakuna mutu aliitika."

Baba alikuwa ameshazikwa huko huko. Hakuwepo mama yake, wala mke wake, wala mimi.

Bibi alipanda kambini kesho yake. Soda hakusema hata pole. "Maman, nilikuambia tu bile balisema," alijibu, na hapo ndipo ninapokabwa na hasira, kwa sababu hakudanganya. Walimfundisha waya, mawimbi na mitambo ya kila aina, lakini hakuna aliyemfundisha kungoja mtu amalize kusema. Sijamsamehe. Wala mkubwa wake, wala kilima chenyewe.

Foni hazipo tena, jirani sasa anauza vocha za simu, na bibi tulimzika zamani. Lakini alituachia amri aliyoitoa wiki ile ya matanga: katika nyumba hii, mwenye jambo baya aanze nalo. Yeye aliyependa salamu kuliko chakula hakumuuliza tena mtu hali ya mvua. Wanangu wakinipigia husema moja kwa moja, "Maman, niko mugonjwa," bila jambo wala habari, na wakwe zangu wanatuona watu wasio na malezi. Waache watuone hivyo. Mimi mtu akinijibu kwamba habari ni nzuri, nanyamaza na simu sikioni, namngoja aseme mengine.