Fenesi Lililopita Nyuma ya Mizani

Mama mkwe wangu alikuja Birmingham kwa meli, na alitaka arudi kwa meli. Tabu ni kwamba meli zenyewe zilikuwa zinakwisha. Ile miaka ya mwanzo ya sabini mume wangu alikuwa akienda mjini kwa wakala wa safari, na kila akirudi ana habari za namna ileile: hii imeuzwa, ile haichukui tena abiria, nyingine inazunguka Afrika nzima kwa sababu mfereji wa Suez umefungwa. Na huku Tanga mama yake mama mkwe, bibi mkongwe aliyehamia huko kutoka Pemba kwa mwanawe wa mwisho, alikuwa akimpa salamu kila anayekuja Uingereza: mwambieni mwanangu aje nimwone, macho yangu yangali yanaona. Ndege zilikuwepo. Mama mkwe hapandi.

"Nilipanda mara moja," alikuwa akisema. "Ikaanguka. Basi, yatosha."

Haikuwa masihara. Ilianguka kweli, Pemba, miaka ya hamsini, alipokuwa akivuka kwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yake.

Haya nayaandika kutoka kwenye madaftari yangu ya siku zile, na niseme mapema kuwa siyaamini sana. Shule niliiachia darasa la sita. Nilikuwa naandika jikoni huku nachungulia sufuria, na kurasa nyingine zina mafuta mengi kuliko maneno. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Alivyosimulia mwenyewe, ilikuwa ndege ndogo ya rafadha mbili, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini, na mabawa yake yalikuwa mawili kila upande, la juu na la chini. Ikakimbia kwenye majani, ikanyanyuka, ikapita juu ya mikarafuu ya kwanza, kisha ikaanza kushuka taratibu, "kama mtu mnene anayetafuta pa kukaa," ikajilaza kwenye shamba la muhogo. Hakufa mtu. Rubani alipasuka mdomo, karani mmoja akavunjika mkono, mama mkwe akatoka na kiatu kimoja. Mwenye shamba alikuja mbio na jembe, akawauliza nani atalipa muhogo.

Hapo alikuwa akicheka, na sisi tukicheka. Lakini ukimuuliza sababu, kicheko kilikuwa kinapungua. Ulikuwa mwezi wa Mfunguo Tano, ambao wazee wetu hawasafiri. Mama yake alimkataza: ngoja mwezi mwingine uandame. Harusi haingoji mwezi, akaenda. Kwa hiyo aliamini ndege ile aliiangusha yeye, kwa kumkaidi mama yake, na rubani wa watu na karani wa watu wakaumia kwa nuksi yake. Yeye na mama yake hawakuwahi kuizungumza ile safari hata siku moja. Mume wangu alidhani mama yake anaogopa ndege. Mimi nilidhani anaogopa ndege na anamwogopa bibi, na sikujua kipi zaidi. Huenda nilikosea, lakini ndivyo nilivyoandika.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Castle Vale, ghorofa ya tisa, na lifti ilikuwa inajichagulia siku za kufanya kazi. Kwenye mlango uliotazamana na wetu alikaa mzee mmoja wa Kiingereza, mjane, ambaye wakati wa vita alikuwa fundi wa injini za ndege papo hapo, kwa maana mtaa wote ule ulijengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Akisimama dirishani kwetu alikuwa ananyoosha kidole: pale penye duka la samaki na chipsi ndipo tulipokuwa tukiwasha injini asubuhi.

Nilipomtafsiria mama mkwe, aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mwanangu kanileta nilale uwanjani! Na zikishuka jee?"

Nikauliza. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Mwambie zitatafuta maegesho kama watu wengine wote."

Tangu siku hiyo wakawa marafiki, mimi nikiwa katikati na Kiingereza changu cha kuokoteza. Kila Jumapili alasiri mzee anakuja kula kaimati, na mama mkwe ananiambia, "Haya, muulize leo ipi." Maana yake ni leo atueleze ndege gani ilianguka, na kwa nini. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu kuzungumza ajali mbele ya mtu aliyeanguka. Lakini haki yake nimpe mzee: mwenye kuomba alikuwa mama mkwe.

Tukajifunza mambo. Kuna ndege iliyoanguka kwa sababu rubani aliiacha injini inyonye tangi tupu, na tangi la pili limejaa pomoni, hakugeuza kiswichi tu. Kuna iliyoanguka kwa sababu usiku mkia ulifungwa pini usipigwe na upepo, na asubuhi hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Nyingine maji yaliingia kwenye petroli.

"Hebu muulize," mama mkwe alisema Jumapili moja, "hakuna hata moja iliyoanguka kwa nuksi?"

Mzee akafikiri kweli, hakumcheka. Akasema yeye aliona nyingi, na kila walipofungua injini walikuta kitu. Ila mara nyingine kitu chenyewe kilikuwa kidogo mno, huwezi kuamini kuwa kimetosha.

Ndipo mama mkwe akamsimulia yake yote, mpaka muhogo. Mzee akafuta sukari vidoleni, akasema bila kusita, "Barafu. Barafu kwenye kabureta, pale hewa na petroli vinapochanganyika."

"Barafu!" Mama mkwe alipiga kofi la paja. "Pemba! Mwambie Pemba barafu tulikuwa tunaiona kwa mwenye duka la soda tu!"

Alicheka mpaka akatoa leso. Mzee akashikilia kwamba yawezekana hata penye joto, hewa ikiwa na unyevu. Nilimwona mwongo siku ile na nikaandika hivyo. Baadaye mume wangu alimuuliza fundi mwingine kazini, akaambiwa ni kweli kabisa. Kwa hiyo nilichoandika nakifuta hapa.

"Basi uzito," mzee akasema. "Mlipimwa?"

"Tulipimwa sote! Mizani ilikuwa ya kupimia karafuu. Wanawake tumo ndani ya mabuibui, tumeshikana mikono kwa haya, rubani anaandika kilo zetu mbele za watu. Na masanduku yakapimwa."

"Basi si uzito," mzee akasema, akachukua kaimati nyingine.

Sijui kwa nini mimi ndiye niliyeuliza. Nadhani nilikuwa nawaza halwa tu. "Mama, na waliokuja kukusindikiza, walikupa nini?"

Mzee asingeweza kuliuliza hilo, kwani hajazaliwa kwetu. Kwetu zawadi ya safari haitolewi nyumbani, kwa sababu nyumbani msafiri atakataa, atasema sanduku limejaa. Unangoja mpaka anaweka mguu kwenye ngazi, huku na kule watu wanaaga, ndipo unamsukumia mikononi na kukimbia. Hapo hawezi kukataa.

Uso wa mama mkwe ulichangamka. "Walinipa? Waulize hawakunipa nini! Shangazi kaja na kapu la halwa. Jirani kaleta mkungu wa ndizi. Na si miye peke yangu, kila mtu na watu wake. Karani alipewa jogoo wawili. Mmoja alipewa tunda la doriani, ndege nzima ikanuka, rubani akafungua dirisha. Kisha mama, alikuwa kaapa haji kuniaga kwa kuwa nimemkaidi, namwona anakuja mbio kwenye majani na kapu la nazi, na juu yake fenesi. Fenesi zima! Akaniwekea mapajani, hakusema neno, akageuka."

"Na hivyo vyote vilipita mizanini?"

"Mizani ilikuwa nyuma huko, mwanangu."

Nilipomaliza kutafsiri, mzee alitoka bila kuaga. Tukadhani tumemuudhi. Akarudi amekumbatia mizani yake ya bafuni.

Basi sebule yetu ikawa uwanja wa ndege. Viazi vikawa nazi, mchele ukawa halwa, mikebe ya nyanya ikawa ndizi. Fenesi likakosekana, mama mkwe akatazama huku na huku, akamdaka mjukuu wake mdogo. "Lilikuwa kama huyu!" Mtoto akalalamika kwa Kiingereza kuwa yeye si tunda, hakuna aliyemsikiliza. Mzee alipiga magoti akasoma, akapiga mluzi.

"Hapa kuna abiria mwingine mzima," alisema. "Na huo ni mzigo wa mmoja wenu."

Sasa niwe mwangalifu. Hakusema ndiyo sababu. Alisema yawezekana, na kwamba kiwanja kifupi cha majani, jua la mchana na mzigo usiojulikana vikikutana havihitaji msaada wa mwezi. Rubani naye alikuwa na macho, angeweza kusema shusheni. Lakini yeye mgeni, watu wanaagana kwa machozi, nani angemnyang'anya mtu fenesi la mamake?

Mama mkwe alimweka mtoto chini. Akakaa akikitazama kile kirundo cha viazi, nikaogopa tumeharibu.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mama kanikataza nisiende, kisha kaja mwenyewe kuning'iniza fenesi kwenye ndege." Mabega yakaanza kumtikisika. "Miye miaka yote hii naona haya kumtazama!"

Alicheka mpaka mzee akaanza kucheka bila kutafsiriwa. Halafu akataka aulizwe na hili: Mfunguo Tano haumo kabisa? Mzee akasema miezi hakufundishwa. Ila kwa haki, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuwasha injini bila kwanza kugusa mbao, ndivyo Waingereza wanavyojikinga na nuksi.

Juma lile mama mkwe alimtuma mume wangu akakate tikiti. Mwezi aliuchagua mwenyewe, na haukuwa Mfunguo Tano.

Siku ya kuondoka, watu wetu wa mtaa wa Balsall Heath walikuja kumsindikiza mpaka uwanja wa London kwa magari mawili na gari la mchinjaji. Wakatulia kwa heshima mpaka sanduku likapimwa. Kisha, kama walivyofunzwa, wakafumua: blanketi, viatu vya wajukuu, mikebe ya biskuti, saa ya ukutani.

"Rudini mizanini!" mama mkwe alipaza sauti. "Nyote! Hapiti mtu nyuma!"

Wakajipanga foleni, na mabuibui yao na makoti yao, huku binti wa kaunta haelewi kinachoendelea. Saa ya ukutani ilirudi Balsall Heath. Biskuti zilipita. Mama mkwe alipoona zamu imekwisha, akavua viatu, akapanda yeye mwenyewe kwenye mizani ya masanduku, akasimama wima na mkoba wake.

"Na miye je? Hamnipimi?"

Binti alimtazama, akatutazama, kisha akainamia mshale akausoma kwa makini, akasema ni sawa kabisa. Simjui jina, lakini nilimwombea dua.

Alikaa Tanga mpaka baridi ya huku ikaisha. Aliporudi tulimpokea na maswali, na mzee alikuwa kiti cha mbele na kikombe chake.

"Ulimwambia bibi habari ya fenesi?" mume wangu akauliza.

"Nilimwambia. Kakataa katakata. Kasema, 'Fenesi lilikuwa jepesi. Mwezi ndio ulikuwa mzito.'"

Tukacheka. Mama mkwe akafungua mkoba, akatoa kapu dogo la halwa, akamwekea mzee mapajani.

"Hili kalitoa mama usiku, sijafunga sanduku. Maisha yake yote hajampa mtu zawadi nyumbani. Kanisukumia, kasema, 'Shika mapema, ukapime.'"