Stesheni Iliyoniumbua

Kwenye kundi la simu la ukoo wetu tuna mchezo: mtu anatuma picha ya stesheni ya reli, wengine tunaitaja. Mimi ndiye bingwa, na kusema kweli kiburi kilikuwa kimeshaniingia.

Juzi nikiwa sokoni Lushoto napanga karoti, binamu yangu alituma picha bila maneno. Baba mdogo, yaani baba yake, amesimama stesheni enzi za ujana. Mimi nikatazama paa na nguzo tu.

"Mombo," nikaandika. "Rahisi mno, leteni nyingine."

Nikazima simu kutunza chaji.

Nilipoiwasha jioni, chini ya jibu langu binamu alikuwa ameandika: "Baba ametutoka. Tunazika kesho, Mlalo." Pole za ukoo mzima zilifuata.

Kesho yake niliingia msibani nimejiinamia, nikamwendea mjane.

"Shikamoo, mama mdogo. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Alinishika mkono, asiuachie. Wanawake mkekani wakanigeukia. "Ile picha niliipiga mimi, kwa kamera ya kaka yangu," akasema taratibu. "Na si Mombo. Ni Mkomazi, siku aliyokuja kunichukua kwetu."